Kiti cha Kocha

Mwanafunzi wa mwisho siku ile alikimbia akaacha kiatu kimoja garini.

Alikuwa mama wa makamo, muuza vitambaa, mwili umejaa na mdomo haukauki maneno. Alikuwa akijifunza kurudi nyuma katikati ya koni, shingo kaigeuza, ulimi kautoa nje kidogo kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Mara sauti ya mwanamume ikasema, karibu kabisa na uso wake, "Tena! Goti juu!"

Yule mama akanyanyua goti kweli. Mguu ukatoka kwenye klachi, gari likaruka kama chura, likazima.

"Mwalimu," akanong'ona, "tuko wangapi humu ndani?"

 Mwalimu wake wa udereva alikuwa amekaa kiti cha pembeni, mguu ungali juu ya breki ya pili, ile ya kumwokoa mwanafunzi, na mikono imemlegea mapajani. Angeweza kusema ni redio. Angeweza kusema ni simu ya mtu anayepita. Lakini sauti ile aliijua kuliko anavyojua yake mwenyewe. Alikuwa mke wa sauti ile, na mwenye sauti alikuwa chini ya ardhi mwaka wa pili sasa.

Alipogeuka, mlango wa dereva ulikuwa wazi na yule mama alikuwa ameshavuka uwanja wa mazoezi, kitambaa cha kichwa kinapepea, mguu mmoja umevaa na mmoja mtupu. Upepo ukaangusha koni moja, ikabingirika polepole mpaka kwenye gurudumu. Mwalimu akainua macho. Nyuma ya kioo cha kutazamia nyuma ilikaa ile kamera nyeusi, ndogo kama kiberiti, jicho moja likitazama barabara na jicho jingine likitazama viti. Taa yake ya buluu ilikuwa inawaka.

Ikazimika, mithili ya mtu aliyefumba jicho baada ya kufumaniwa.

Kamera ile aliinunua marehemu mumewe. Watu wote walimwita Kocha, kwa kuwa alifundisha vijana mbio za kuruka viunzi, na alikuwa mgonjwa wa kamera. Uwanjani alikuwa na moja ya kusimama kwa miguu mitatu, iliyogeuza shingo yenyewe kumfuata mkimbiaji. Jioni aliwaonyesha vijana wake kwenye simu: ona goti lako, ona bega lako. Alipooa mwalimu wa udereva, akafunga nyingine garini. "Na wewe uwaonyeshe wanafunzi wako walivyokanyaga mstari," alisema. "Mtu habishani na macho yake." Zote mbili zilikaa kwenye programu moja ya simu. Asubuhi moja Kocha alianguka uwanjani, moyo ukiwa umesimama, na gari la wagonjwa lilipofika halikuwa na mgonjwa wa kumbeba.

Mwalimu alichukua simu akampigia mtu pekee ambaye angeweza kumpigia.

Fundi alifika na mkoba wake begani, akitembea kwa hatua zake ndefu, za taratibu. Alikuwa na kibanda chake kando ya kituo cha mafuta, akitengeneza simu na kufunga kamera kwenye magari. Miezi kadhaa nyuma alikuja kubadilisha waya ulioungua. Akarudi kutazama kama waya umekaa vizuri, ingawa waya hauna tabia ya kuhama. Akarudi tena. Baadaye hakutafuta kisingizio, jioni alipanda tu, wakazunguka mitaa wakizungumza. Wiki iliyopita alikuwa amemwuliza swali moja: "Nije nyumbani nimwone mama mkwe wako, au nisije?" Na Mwalimu alikuwa amejibu, "Nipe muda." Tangu hapo swali lilikaa baina yao.

"Nimekutana na mteja wako njiani na kiatu kimoja," Fundi alisema akiinama dirishani. "Ameniambia gari lako lina mgeni asiyelipa."

Mwalimu hakucheka. Fundi naye akaacha kucheka.

"Ingia," Mwalimu alisema, akihamia kwenye usukani.

Fundi akaketi kiti cha pembeni, magoti yake marefu yakitafuta pa kukaa. Mawingu yalikuwa yameshuka, mchana umekuwa na rangi ya majivu. Mwalimu alimsimulia yote. Fundi alisikiliza bila kumkatiza, akiitazama kamera.

"Taa hii huwaka lini?"

"Siku hizi inawaka tu. Nikiwa kwenye foleni peke yangu, inawaka. Nikifundisha, inawaka."

"Tangu lini?"

Mwalimu alifikiri. "Nimeiona tangu uanze kupanda gari hili."

Fundi aliisogelea kamera. "Haiwaki tu, Mwalimu. Inawaka mtu akiwa anatazama."

"Anatazama akiwa wapi?"

"Popote. Mwenye programu akibonyeza hapa, anaviona viti hivi, anauona uso wako, anasikia unachosema. Akibonyeza hapa na kusema, sauti yake inatokea pale juu. Nipe simu yako."

Alipoipokea, vidole vyao viligusana, na hakuna aliyekuwa mwepesi wa kuondoa vyake. Kisha akafungua kurasa ambazo Mwalimu hakuwahi kuzifungua, kwa kuwa mambo hayo alimwachia mumewe.

"Simu zilizoruhusiwa ni mbili," Fundi alisema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Hii yako. Na hii."

Mwalimu akasoma jina: Kocha. Kando ya jina palikuwa na nukta ya kijani.

"Hiyo nukta maana yake nini?"

Fundi akamrudishia simu. "Maana yake yupo."

Juu yao, taa ya buluu ikawaka.

Hawakusogea. Upepo ulipiga ubavu wa gari, koni ikagonga gurudumu, ikatulia. Katika kamera kukasikika mkwaruzo mdogo, kisha pumzi, kisha ile sauti, changamfu, yenye kicheko ndani yake, kama ya mtu anayeita kutoka upande wa pili wa uwanja.

"Mama Breki! We Mama Breki!"

"Abee!"

Neno lilimtoka kabla hajalijua. Jina hilo aliitwa na mtu mmoja tu duniani, kwa utani, kwa vile hata akiwa abiria alikuwa akikanyaga sakafu kutafuta breki. Aliitika kama alivyokuwa akiitika jikoni, bafuni, kitandani. Machozi yakamjaa, nywele zikamsimama, na moyo wake ukafanya kitu cha aibu: ukafurahi.

Taa ikazimika.

Alipogeuka, Fundi alikuwa anatazama nje.

"Umeitika," alisema.

"Ni mazoea, Fundi. Mdomo tu."

"Najua." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likakataa. "Ila mimi sijawahi kuitikiwa hivyo na mtu yeyote."

Mwalimu alitaka kumshika mkono. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka, taa ikawaka tena. Safari hii haikutoka sauti ya Kocha. Aliyekuwa upande wa pili alikuwa amesahau kuachia kitufe, au amekiegemea bila kujua, na kilichoingia garini kilikuwa sauti ya chumba: tak-tak-tak-tak, kimya, tak-tak-tak-tak.

"Nini hicho?" Fundi alinong'ona.

Mwalimu alijua. Alikuwa akilala kwa sauti hiyo na kuamka kwa sauti hiyo. Aliweka kidole mdomoni kumnyamazisha, akawasha gari.

Njia nzima taa haikuzimika. Kwenye mataa ya barabarani, kwenye kona ya shule, kwenye mtaa wao wenye mashimo, jicho lile dogo lilikuwa juu yao. Sasa alipojua ni nani, hofu haikupungua. Maiti akikutazama unaweza kusema ni ndoto. Hii haikuwa ndoto.

Alisimamisha gari mbele ya nyumba. "Nisubiri humu," alimwambia Fundi. "Tafadhali, usitoke." Akafunga mlango kwa kishindo, akaingia ndani.

Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa umerudishwa nusu. Mama mkwe wake, mshonaji wa sare za shule, mwembamba kama uzi wake, alikuwa ameupa mlango mgongo. Mikono yake ilikuwa ikisukuma kitambaa cha buluu chini ya sindano, lakini macho hayakuwa kwenye sindano. Mbele yake, imeegemezwa kwenye vijiti vya uzi, ilisimama simu yenye ufa kwenye kioo. Mwalimu aliona ndani ya simu ile kitu kilichomfanya ajishike kwenye fremu ya mlango: gari lake mwenyewe, kiti chake mwenyewe kitupu, mkanda wake ungali unayumba. Na Fundi kando, ameinamisha kichwa.

"Umefunga mlango wa gari kwa hasira," mama mkwe alisema bila kugeuka. "Nimeona."

"Mama. Hiyo simu."

"Ya mwanangu."

"Tuliitafuta siku ya msiba. Tulipekua mpaka mifuko ya watu waliokuja kutupa pole. Mama, ulikuwa umekaa pale pale unatutazama!"

"Niliitoa mfukoni mwake mochwari, kwa mkono wangu. Ilikuwa bado na joto." Cherehani ikaenda, ikasimama. "Yeye alikuwa ameshapoa. Nikasema kitu chenye joto sikiziki."

"Na namba ya siri?"

"Siku aliyozaliwa. Nani anaijua kunishinda mimi? Nilikuwepo."

Kwa wakati mwingine wowote Mwalimu angecheka. Sasa aliketi kwenye kiti cha wateja.

"Nilianza na zile video za uwanjani," mama mkwe aliendelea, akiichukua ile simu, kidole gumba juu ya kioo. "Anavyowafokea watoto wa watu, goti juu, goti juu. Nikishona namsikiliza, kazi inaenda. Halafu siku moja kidole kikaniingiza garini. Nikakiona kiti chake cha pembeni. Hukukisogeza hata kidogo, nilikuona. Ukifundisha unakaa pale pale alipokiacha, miguu yako imebanana. Nikasema, mke huyu, Mungu ambariki. Nikawa nakitazama kila siku. Naangalia kiti tu, mwanangu. Wakati mwingine, jua likipiga vile, ungesema kina mtu." Akageuka. Miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi upande mmoja, na nyuma yake macho yalikuwa mekundu. "Halafu akaja huyu. Akapapasa chini, akavuta chuma, akakirudisha nyuma. Kiti cha mwanangu! Kwa ajili ya miguu yake!"

 Mwalimu aliikumbuka siku hiyo. Alikumbuka kwamba mlio wa kile chuma ulimchoma, na kwamba alinyamaza.

"Leo yule mama muuza vitambaa amekimbia," alisema hatimaye.

"Ile ilikuwa ajali. Nilikuwa namsikiliza, kidole kikalala pasipo pake. Alivyonyanyua goti nilicheka mpaka nikalia."

"Na lile la 'Mama Breki'?"

Mama mkwe akalainisha kitambaa kwa kiganja, akakilainisha tena pale pale.

"Ile haikuwa ajali."

"Mama!"

"Niliitafuta video anapokuita, nilitaka asikie yule kijana. Ajue kwamba ukiitwa na mwenyewe, unaitika."

"Amesikia."

"Basi arudi alikotoka."

"Umenitisha, Mama. Nilidhani..."

"Ulidhani ni yeye." Mama mkwe akainama mbele. "Niambie kweli. Uliogopa au ulifurahi?"

"Vyote."

"Mimi pia," yule mama alisema kwa sauti ndogo. "Kila nikibonyeza, naogopa. Naogopa siku moja nitabonyeza, badala ya kufokea watoto anigeukie mimi, aniambie, 'Mama, inatosha.'" Aliishika ile simu kwa mikono miwili, kidole gumba kikiikandamiza. "Unampenda huyu?"

Mwalimu alitazama sakafu, vipande vya uzi vilivyotawanyika kila mahali. Kwa wiki nzima alikuwa amekwepa kumjibu Fundi mwenyewe. Sasa alikuwa akiulizwa na mtu wa mwisho ambaye yeye angependa kumjibu.

"Nampenda, Mama."

"Kumshinda mwanangu?"

"Mapenzi si unga niyapime. Kocha alinichukua nikiwa sijui kitu, akanifanya mtu. Sitampata mwingine kama yeye na sitafuti. Huyu ni mwingine. Nikiwa naye nacheka, halafu nakumbuka nilivyokaa bila kucheka, naona haya, halafu ananichekesha tena. Nimechoka kuona haya, Mama. Nataka nicheke nimalize."

 Ndipo simu ikakohoa.

Wote wawili wakashtuka. Mama mkwe karibu aiangushe.

"Mama," ilisema sauti ya Fundi, ndogo, yenye adabu, ikitoka kwenye ufa wa kioo. "Samahani sana. Shikamoo. Nasikia kila kitu."

Mama mkwe akatazama kidole chake. Kilikuwa kwenye kitufe, kimekikandamiza mpaka ukucha umekuwa mweupe. Mwalimu akaziba uso kwa viganja, damu yote imempanda masikioni.

"Marahaba," mama mkwe akasema, maana adabu ni adabu hata kwa adui.

"Habari ya kiti sikuijua," Fundi alisema. Kwenye simu walimwona ameinua uso kuelekea kamera, akiwatazama bila kuwaona, kama kipofu. "Ningejua nisingekigusa. Naomba radhi."

Akainama. Mkono wake ukapapasa chini, na walisikia mlio wa chuma. Kiti kikasogea mbele, kikasogea tena, magoti yake yakagonga dashibodi, akaguna. Akafikiri kidogo. Kisha akafungua mlango akatoka.

Kwenye simu likabaki gari tupu. Viti viwili vya mbele, mwanga wa majivu, na kile cha pembeni kimerudi mahali pake pa zamani. Mama mkwe alisogeza simu karibu na uso, mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Mwalimu naye alitazama, hakuweza kujizuia, na kwa muda wa kupepesa jicho aliapa moyoni kwamba kiti kile kilikuwa kimebonyea kidogo, kama kinavyobonyea kikiwa na mtu.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Fundi akaingia akajikunja kwenye kiti cha nyuma, magoti karibu yafike kidevuni, mkoba mapajani.

"Na hapa je, Mama?" akauliza. "Hapa kuna mwenyewe?"

 Mama mkwe alimtazama muda mrefu, mtu mzima aliyejikunja vile bila kulalamika, bila kujua kama bado anatazamwa.

"Miguu yote hiyo," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayejisemea. "Anakaa nyuma."

Akailaza simu kifudifudi juu ya sare. Akasimama, akakung'uta uzi kwenye nguo, akachukua mtandio wake kwenye msumari. Mwalimu alimfuata, hajui kama anafuata ugomvi au nini. Nje, manyunyu yalikuwa yameanza. Mama mkwe alilizunguka gari ambalo hakuwa amelipanda tangu siku ya maziko, akaufungua mlango wa mbele wa pembeni mwenyewe.

"Kaa kwenye usukani," alimwambia Mwalimu. "Niendeshe."

"Twende wapi, Mama?"

"Uwanjani kwake. Nikapaone kwa macho yangu, nimechoka kupaona kwenye kioo."

Nyuma, Fundi alijaribu kusimama kwa heshima, akagonga kichwa kwenye paa. "Shikamoo, Mama."

"Umeshaniamkia. Unadhani nimesahau?" Alimgeukia, akampima kutoka utosini mpaka kwenye magoti. "Mama yako yupo?"

"Hayupo, Mama. Yupo shangazi."

"Jumapili uje naye. Na ukija, upite mlangoni. Mtu akitaka kuingia kwangu nimwone akija, siyo nimkute ameshaketi."

"Nitapita mlangoni, Mama."

Katika kioo cha kutazamia nyuma, Mwalimu alikutana na macho ya Fundi. Yalikuwa yamejaa maji na kicheko kwa pamoja. Fundi alisogeza midomo bila sauti, na Mwalimu alisoma: Mwalimu? Naye, bila sauti, huku moyo ukimpiga kama wa msichana, akaitika.

"Abee."

Mama mkwe alikuwa anajifunga mkanda. Alipomaliza, hakujiegemeza. Alisogea pembeni mpaka bega lake likagusa mlango, akakaa kwenye nusu ya kiti, ule upande mwingine akauacha wazi. Akaulainisha kwa kiganja, kama alivyolainisha kitambaa. Fundi aliona. Mwalimu aliona.

Mwalimu akatia gia, akaachia klachi taratibu sana, na akakata kona ya kwanza polepole, kama dereva aliyejaza gari.